Kongamano la afya ya akili lipimwe zahanati

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani inayoadhimishwa tangu 1992, kumbi za mikutano za Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Nairobi na Kampala hujaa warsha, semina na makongamano ya afya ya akili. Hilo ni jema kwa nchi zilizolinyamazia jambo hili miaka mingi. Lakini nenda miezi sita baadaye kwenye zahanati wanakofanya kazi waliohudhuria, ufungue kitabu cha wagonjwa wa nje. Mara nyingi utakuta malaria, kikohozi, kuhara na maambukizi ya njia ya mkojo vimejaa ukurasa, na upande wa magonjwa ya akili pana sifuri, au kifafa peke yake. Wagonjwa wapo. Wamekaa kwenye benchi lilelile wakilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, wakaandikiwa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani.

Makongamano haya yanapangwa kwa ajili ya ukumbi na kupimwa kwa idadi ya waliohudhuria. Nashauri yapangwe kuanzia chumba cha tabibu: kwanza tujue mhudumu atatakiwa kufanya nini tofauti na jana, ndipo tupange mada, waalikwa na fedha.

Tuanze na saa. Chukua ratiba ya siku ya kwanza kama tunavyozijua. Kujiandikisha saa 2:30 asubuhi, ufunguzi saa 3:00. Mgeni rasmi anafika saa 4:15. Utambulisho wa meza kuu, risala, hotuba, neno la shukrani, picha ya pamoja, kisha chai saa 5:00. Mada ya kwanza inaanza saa 5:30, na chakula cha mchana ni saa 7:00. Dakika 90 hizo wamepangiwa watoa mada sita, dakika 15 kila mmoja, bila hata dakika moja ya maswali. Mwenye slaidi 40 ana sekunde 22 na nusu kwa kila slaidi. Kwa mwendo huo hakuna tabibu atakayejifunza kutofautisha ugonjwa wa sonona na huzuni ya msiba, achilia mbali kuanzisha matibabu.

Dawa ya hili ipo na haigharimu kitu. Mgeni rasmi apangiwe kipindi cha kufunga badala ya kufungua. Akabidhiwe ukurasa mmoja wenye maombi matatu yaliyo ndani ya mamlaka na bajeti yake, ayajibu hapohapo mbele ya washiriki. Itifaki inabaki na heshima yake, na asubuhi nzima, ambayo ndiyo saa ya akili kuwa nyepesi, inabaki kwa kazi.

Wapo wanaoamini kwamba kusikia ni kujifunza, na kwamba tatizo letu ni uchache wa semina. Ushahidi hauwaungi mkono sana. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu mikutano ya mafunzo kwa wahudumu wa afya, yaliyotolewa 2009 na kusasishwa 2021, yalikuta kwamba mikutano hubadilisha utendaji kwa kiasi kidogo: ufuasi wa utendaji unaotakiwa hupanda kwa takribani pointi 6 hadi 7 za asilimia tu. Mapitio yale ya kwanza yalionyesha pia kwamba mikutano inayochanganya mihadhara na mazoezi huzaa zaidi, na kwamba tabia ngumu kubadilika hunufaika kidogo kuliko zile rahisi. Kumhoji mgonjwa mwenye sonona kwa dakika 15, huku foleni ya watu 30 ikisubiri nje, ni miongoni mwa tabia ngumu kabisa katika kazi ya tabibu. Ndiyo maana mihadhara mitupu haitoshi.

Kinachotakiwa ni mazoezi ya kuigiza, na hapa ndipo waandaaji wengi huteleza. Huweka zoezi moja mchana wa siku ya mwisho, watu wawili wanaitwa mbele, wengine 58 wanatazama na kucheka. Hilo ni onyesho. Zoezi lenyewe linaendeshwa hivi: washiriki wasizidi 24, wagawanywe watatu watatu, yaani makundi manane. Mmoja anakuwa mgonjwa, wa pili mhudumu, wa tatu mwangalizi mwenye karatasi ya vipengele vya kuangalia. Dakika 10 za mahojiano, dakika 5 za mrejesho, kisha wanabadilishana nafasi. Mizunguko mitatu ni dakika 45. Ongeza 15 za majadiliano ya pamoja, saa moja imetimia na kila mshiriki amekuwa mhudumu mara moja. Wawezeshaji wawili wanatosha, kila mmoja akizungukia makundi manne. Ukipata vipindi vinne vya namna hiyo kwa siku mbili, kila mshiriki atakuwa amehoji wagonjwa wanne na kusahihishwa mara nne.

Karatasi ya mwangalizi isibuniwe usiku wa kuamkia warsha. Kuna kipimo cha ENACT, kilichoanzia Nepal kikiwa na vipengele 18 vya stadi za mazungumzo ya tiba, na kuna jukwaa la EQUIP la Shirika la Afya Duniani na UNICEF lenye zana za kupima umahiri wa wahudumu. Kwa warsha fupi, chagua vipengele sita tu: amemkaribisha mgonjwa na kuhakikisha faragha, ameacha mgonjwa aeleze bila kumkatiza, ameuliza muda wa dalili, ameuliza kuhusu kujiua, ameeleza tatizo kwa maneno ya kawaida, amepanga tarehe ya kurudi.

Makosa yanayojitokeza kwenye mazoezi haya yanafanana kutoka mkoa hadi mkoa. La kwanza ni nasaha za haraka. Mgonjwa hajamaliza sentensi ya pili, mhudumu anamwambia amshukuru Mungu, apunguze mawazo, ajishughulishe. Mgonjwa anafunga mdomo na hafunguki tena. La pili ni kumhoji mbele ya ndugu. Mwanamke anayepigwa na mumewe hatasema lolote mume akiwa kwenye kiti cha pembeni. La tatu ni diazepam kwa kila asiyelala, hata pale ambapo kukosa usingizi ni dalili ya sonona. Analala siku chache, sonona inabaki palepale, na baada ya miezi ana tatizo jipya la kuitegemea dawa.

Kosa la nne ni zito kuliko yote: kutouliza kuhusu kujiua. Wahudumu wengi wanaogopa kwamba swali litampandikizia mgonjwa wazo. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa 2010 na kuboreshwa 2016 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, unasema wazi kwamba kuuliza hakuchochei kujiua. Mara nyingi kunampa mtu nafuu kwa kuwa amepata wa kumwambia. Ila hofu haiondoki kwa kuisoma sentensi hiyo kwenye slaidi. Inaondoka mhudumu anapolitamka swali kwa mdomo wake, kwa sauti ya kawaida, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu: je, umewahi kufikia mahali ukaona heri ufe? Umefikiria kujidhuru? Umepanga utafanyaje? Umewahi kujaribu siku za nyuma? Majibu yakionyesha hatari ya karibu, mgonjwa haachwi peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo vinaondolewa, ndugu anayeaminika anahusishwa, na rufaa inapangwa siku hiyohiyo.

Dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona, nalo linahitaji kufanyiwa mazoezi, kwani tafsiri ya Kiswahili ipo na linatumika kote. Lina maswali tisa, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, jumla 27, na mara nyingi alama 10 na kuendelea huchukuliwa kuwa kiwango cha kuhitaji tathmini ya kina. Linaharibika kwa njia tatu. Mhudumu husoma haraka na mgonjwa akajibu kuhusu leo badala ya wiki mbili zilizopita. Uchovu na kukosa hamu ya kula vinavyotokana na kifua kikuu au malaria vikahesabiwa kuwa sonona. Na lenye madhara zaidi: mgonjwa mwenye jumla ya 7 anarudishwa nyumbani kwa kuwa hakufika 10, wakati swali la tisa, linalohusu mawazo ya kifo na kujidhuru, amepata 2. Jibu lolote lisilo sifuri kwenye swali hilo linadai mazungumzo zaidi, jumla iwe yoyote.

Kila mara mada hii inapofika, mshiriki mmoja atanyoosha mkono na kuuliza: akiniambia amejaribu kujiua, niripoti polisi? Swali hilo halifai kujibiwa na mtaalamu wa saikolojia kwa kukisia. Kenya imepiga hatua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Tanzania, Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Kwa hiyo dakika 30 za mwanasheria anayejua sheria ya afya ya akili (ya Tanzania ni ya 2008, ya Kenya ilifanyiwa marekebisho makubwa 2022) zina thamani kuliko mada tatu za takwimu za dunia. Mhudumu aondoke akijua wajibu wake wa kutunza siri unaishia wapi.

Sasa dawa. Hili ndilo eneo linalofanya warsha nzuri isizae kitu. Tabibu amerudi kituoni na ari, amemtambua mgonjwa wa kwanza, anakwenda dirisha la dawa na kuambiwa hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu hamuulizi tena, kwa sababu ni ukatili kumgundua mtu kisha ukamwacha mikono mitupu. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi za vituo, hivyo dawa iliyofundishwa ukumbini huenda isiruhusiwe kabisa kuwekwa kwenye zahanati ya mshiriki. Mfamasia wa wilaya aalikwe, akae meza moja na matabibu, wapige hesabu pamoja kabla ya kuachana.

Hesabu zenyewe si ngumu. Mgonjwa wa skizofrenia anayechomwa sindano ya flufenazini kila wiki nne anahitaji dozi 13 kwa mwaka. Wagonjwa kumi ni dozi 130. Mgonjwa wa sonona anayetumia fluoksetini huanza na miligramu 10 kwa siku kwa wiki moja, kisha 20. Nafuu huchukua wiki nne hadi sita kuonekana, na dawa inaendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Akipona mwezi wa pili na kuendelea miezi tisa, hiyo ni miezi 11. Kwa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku ni vidonge takribani 330 kwa mtu mmoja, na 3,300 kwa watu kumi. Kituo kinachoagiza vidonge 500 kinajitengenezea wagonjwa watakaokatiwa dawa katikati. Kwa kifafa hatari ni kubwa zaidi: fenobabitoni ikikatika ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo na kuua.

Madhara ya dawa nayo yasemwe bila kuficha. Kijana mwenye skizofrenia aliyeanzishiwa dawa ya haloperidoli kwa dozi kubwa anaweza kurudi siku ya tatu shingo imepinda, ulimi mzito, mikono imekakamaa. Familia inasema hospitali imemharibu, na hapo ndipo wengi huacha matibabu moja kwa moja. Tatizo hilo linatibika kwa kupunguza dozi na kutumia dawa ya kuondoa mkakamao huo kama benzekso, lakini ndugu wangepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ikimezwa nyingi huathiri moyo vibaya, hivyo mwenye dalili za kujiua apewe ya siku chache na ishikwe na ndugu. Mambo ya namna hii yanastahili saa mbili nzima ukumbini. Yanapewa slaidi moja.

Kuhusu waalikwa, tuseme ukweli. Barua inapofika halmashauri, jina linalopelekwa mara nyingi ni la mtu wa ofisini ambaye haoni wagonjwa, na mtu huyohuyo ndiye aliyekwenda semina ya mwezi uliopita. Posho ndiyo sababu, na simlaumu mfanyakazi mwenye mshahara mdogo kwa kuitaka. Waandaaji ndio wenye uwezo wa kurekebisha: barua itaje nafasi ya kazi, yaani tabibu na muuguzi wanaoona wagonjwa wa nje, wawili kutoka kituo kimoja pamoja na mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Wawili kwa kituo ni muhimu, kwa kuwa mmoja akihamishwa ujuzi haujaondoka wote. Na sehemu ya malipo ifungwe na kazi ya ufuatiliaji kituoni badala ya kulipwa yote kwa kukaa ukumbini.

Kipindi cha ushuhuda kinanipa wasiwasi kuliko vingine vyote. Mtu aliyewahi kuugua anaitwa jukwaani, anaulizwa kueleza siku mbaya kuliko zote maishani mwake, simu zinarekodi, watu wanalia, anapewa nauli na kwenda zake. Jioni picha yake inazunguka mitandaoni na mwajiri wake ameiona. Watumiaji wa huduma wana mchango ambao hakuna profesa anayeweza kuutoa, lakini waandaliwe. Nepal walijaribu njia ya kuwafundisha watumiaji wa huduma kusimulia safari ya kupona kwao kwa picha walizopiga wenyewe, kisha wakashiriki kuwafundisha wahudumu wa zahanati, lengo likiwa kupunguza unyanyapaa wa wahudumu hao. Hapo msisitizo uko kwenye kilichosaidia, na msimuliaji ndiye anayechagua nini kionekane. Kwetu, kiwango cha chini kiwe hiki: msimuliaji akutane na mwezeshaji angalau mara mbili kabla, ana haki ya kujitoa hata asubuhi ya siku yenyewe, njia ya kujiua haitajwi, kurekodi kumepigwa marufuku ila kwa idhini ya maandishi, kuna chumba tulivu na mshauri nasaha wa zamu, na analipwa sawasawa na mtoa mada yeyote. Wiki moja baadaye apigiwe simu kuulizwa hali.

Wengine wanaokosekana ukumbini ni waganga wa tiba asili na viongozi wa dini. Utafiti uliochapishwa 2003 kutoka Dar es Salaam ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48, ikilinganishwa na asilimia 24 kwenye kliniki za afya ya msingi. Wagonjwa wako huko. Kuwaalika waganga ili wahubiriwe kwamba wanakosea ni kupoteza siku. Jambo linalowezekana ni makubaliano mafupi: mgonjwa asiyekula wala kunywa, anayetaka kujiua, mwenye homa pamoja na kuchanganyikiwa, mwenye degedege, au aliyejifungua karibuni na kubadilika ghafla, apelekwe kituoni siku hiyohiyo, na asifungwe minyororo wala kunyimwa chakula. Wao wakishamfikisha, tabibu awape mrejesho. Bila mrejesho hawataleta wa pili.

Hakuna geni katika ninayoyataka. Novemba 1961 madaktari wa akili wa Afrika walikutana Abeokuta, Nigeria, katika mkutano wao wa kwanza wa bara zima, ulioandaliwa na Thomas Adeoye Lambo. Mahali penyewe palikuwa somo, kwa kuwa hospitali ya akili ya Aro, mjini humo, ilikuwa na mpango wa wagonjwa kuishi na ndugu zao katika vijiji jirani na kwenda kutibiwa mchana. Tanzania nayo, miaka ya 1980, iliendesha mpango wa taifa wa afya ya akili ulioanzia Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ukiziingiza huduma hizo katika zahanati na vituo vya afya vilivyokuwepo. Kongamano la leo la Dodoma, mji wenye hospitali ya Mirembe tangu 1927, linaweza kupanga nusu siku kliniki, washiriki wanne wanne na mtaalamu mmoja, kwa ridhaa ya wagonjwa.

Kinachotofautisha miradi iliyofaulu na semina zilizosahaulika ni usimamizi baada ya mafunzo. Benchi la Urafiki la Zimbabwe, lililoasisiwa na Dixon Chibanda, linasifiwa katika kila mkutano kwa wale bibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi. Jaribio lake lililochapishwa 2016 lilihusisha kliniki 24 za Harare na washiriki 573, waliopangiwa hadi vikao sita vya kutatua matatizo, na dalili zilipungua kwa kiasi kikubwa. Wanaolinakili huchukua benchi na bibi, wakaacha usimamizi wa karibu wa wahudumu na utaratibu wa kuwapandisha ngazi ya juu wagonjwa wenye hali mbaya.

Kwa bajeti ya warsha ya washiriki 24, ningetenga theluthi moja kabla ya kulipia hata kikombe cha chai, iwe ya ziara tatu za usimamizi: mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita baada ya warsha. Katika kila ziara mratibu anakaa kwenye mahojiano mawili halisi akiwa na karatasi ileile ya vipengele sita, anapitia mafaili kumi, na anahesabu dawa rafuni. Fedha zisipotosha, punguza washiriki hadi 16 au hamisha warsha kutoka hotelini hadi ukumbi wa chuo cha uuguzi, usiguse ziara.

Takwimu za kuomba ni chache na zinapatikana kwenye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, na leja ya dawa: wagonjwa wapya waliotambuliwa kwa kila kundi la ugonjwa katika miezi mitatu kabla ya warsha na mitatu baada yake, wangapi kati yao walirudi walau mara ya pili, na siku ngapi kila dawa ilikosekana. Mfadhili anayedai ripoti wiki mbili baada ya kufunga atapata orodha ya mahudhurio na picha ya pamoja. Aiandike tarehe ya ripoti ya pili, ya mwezi wa saba baada ya warsha, kwenye mkataba wenyewe, na abakize sehemu ya malipo hadi ifike.